Sumaku Ilipokataa

"Usigonge kwa nguvu," Anjeline alisema, lakini nyundo ya Hesbon ilikuwa imeshatua. Bonge la kung'aa aliloleta Anjeline kuuza likapasuka vipande vipande kwenye saruji kama sukari guru.

Hesbon, mnunuzi wa vyuma chakavu pale Malaba, aliokota kibanzi, akakigeuzageuza juani.

"Mama, hii si aluminiamu. Aluminiamu ukigonga inabonyea. Hii imevunjika."

"Lakini inang'aa! Ni nyepesi. Na sumaku imeikataa!"

Hapo ndipo alipoponzeka. Miaka yote ya kuzunguka Chakol na gunia begani, Anjeline alijua sheria moja tu: kinachonasa kwenye sumaku ni chuma cha bei ya chini, kinachoikataa ni shaba au aluminiamu, na hiyo ndiyo mali. Utingo wa lori kwenye foleni ya mpaka alipomwonyesha magunia ya mabonge hayo, Anjeline aliyapitishia sumaku, moyo ukamruka. Akauza ng'ombe mmoja kati ya wawili wa kulimia ili ayanunue. Mumewe, Olinga, alimsihi asubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alimjibu, tena kwa kiburi.

"Sasa ni nini?"

"Silikoni. Kwa ile jedwali ya elementi ya shule imekaa hapo katikati, nusu metali. Sura ya chuma, lakini kuvunjika kama jiwe. Iko na viwanda vyake, lakini hao wanataka lori nzima, na makaratasi. Mimi sinunui, mama. Pole."

Pole! Pole haivuti plau.

Alirudi nyumbani na magunia yake kwenye bodaboda, akiyachukia. Bora yangekuwa mawe tu, jiwe halijipambi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na majirani walishaanza kulima. Olinga aliyatazama magunia, kisha akamtazama yeye. Hakumtukana. Anjeline alitamani amtukane.

"Mama Velma, kuja ushike plau," alimwambia mkewe.

Alikuwa ameshamfunga nira ng'ombe aliyebaki. Upande wa pili wa nira uliinama hadi kwenye udongo. Olinga alivua shati, akachuchumaa, akauinua upande ule na kuuweka begani mwake. Ng'ombe akageuza kichwa, akamnusa shingoni, akatulia.

Anjeline alishika plau kwa mikono miwili. Aliyepaswa kutoa sauti ya kuwaswaga wote wawili alikuwa yeye.