Mkamwana Aliyenenepa

Mtaani kwetu hapa Gondar, mkamwana akinenepa, sifa huenda kwa mama mkwe. Kwa hiyo Etagegn alitukaribisha kahawa apate kututambia. "Mtazameni Alganesh. Mimba ya miezi saba, uso umejaa, pete haitoki kidoleni. Mkono wangu huo."

Alganesh alijilazimisha kutabasamu, ameshika kichwa kilichokuwa kikimgonga tangu asubuhi. Etagegn akampaka siagi mbichi utosini, kama tufanyavyo wote kichwa kikiuma, akamwambia akalale chumba cha ndani.

Mara Bizuayehu, mkunga wa zahanati, akaingia akihema.

"Mama, Alganesh yuko wapi? Majibu ya damu yake yametoka. Homoni ya kondo la nyuma iko chini mno. Kondo likichoka hivyo, presha hupanda ghafla, tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Na huo unene mnaousifu ni uvimbe. Nampeleka hospitali sasa hivi."

Etagegn alituona tunavyomtazama. Ametoka kujisifu, sasa anaumbuliwa mbele ya wageni. Akajibu bila kupepesa macho, "Amekwenda kwa wazazi wake. Rudi wiki ijayo."

Na sisi wenye midomo mirefu, siku hiyo tukaitumia kunywea kahawa tu. Tulimwonea Etagegn aibu, tukamwacha mkunga aondoke.

Muda si muda tukasikia kishindo. Alganesh alikuwa chini, ameng'ata ulimi, mwili wote unatikisika. Kifafa cha mimba. Nilimkimbilia Bizuayehu barabarani, na nilipomfikia sikuweza kumtazama usoni.

Hospitalini walimpasua jioni ile. Mtoto wa kike, mdogo sana, lakini anapumua. Alganesh alizinduka kesho yake, na Etagegn yuko kando ya kitanda, amejifunika uso kwa shuka.

Bizuayehu akauliza taratibu, "Nani alitaka nidanganywe?"

"Mimi," Alganesh akasema, sauti inakwaruza. "Nilimwomba mama aseme nimesafiri. Naogopa hospitali."

Etagegn akajifunua uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Usinibebee lawama, mwanangu. Ulikuwa umelala. Umeyajuaje hayo?"

"Sikuwa nimelala, mama. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka kutoka, lakini ulishasema sipo, na wageni walikuwa wamekaa. Ningekuaibisha."