Koti na Swali

Mzee Sadalla, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita mara ya pili kukusanya nguo nzito za askari. Kule Kagera, alisema, baridi ya usiku inauma, na vijana wa Dar wameondoka na vifulana. Mtaa wetu wa Narung'ombe ulikuwa umetoa kila kilichopatikana: mablanketi, masweta ya shule, hata shuka la harusi la mtu. Mimi nikamwambia sina. Nyuma yangu, kwenye msumari, lilining'inia koti la mume wangu, la kijivu, zito kama gunia la chumvi, alilonunua alipokuwa akichuma chai Mufindi kabla hatujaja mjini. Mzee aliliona. Bi Mgeni, mwenye nyumba wetu, aliliona pia, akajifanya anamnyoosha mtoto wangu miguu.

"Hilo lina mwenyewe," nikasema. "Anakaribia kurudi."

Sikuwa nasema ovyo. Filbert aliondoka na mgambo mwezi wa Novemba, binti yetu Winifrida akiwa bado hajaweza kukaa. Sasa ilikuwa Januari, mtoto anatambaa mpaka mlangoni, na redio ilikuwa imeshatangaza kwamba majeshi ya nduli, yule mtawala wa Uganda aliyetuvamia, yametolewa kwenye ardhi yetu. Kwangu mimi vita vilikuwa vimekwisha. Mwizi akishatoka chumbani, mtu hufunga mlango akalala. Ila sokoni watu walinong'ona kwamba jeshi halitaishia mpakani, na kila niliposikia mnong'ono huo nilifika nyumbani nikaligusa lile koti.

Jioni nilimfunga Winifrida mgongoni nikaenda darasani. Tulisomea elimu ya watu wazima kwenye shule ya msingi nyuma ya soko, tumekalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nilianza pale nikisoma kwa kidole; sasa nilikuwa nawasomea wapangaji wenzangu gazeti zima uani, na sikuogopa mtu kwa maneno.

Mwalimu Theophil alitueleza kwamba mwakani kuna uchaguzi, na kwenye karatasi ya Rais tutakuta jina moja tu, la kukubali au kukataa. "Nataka ndiyo yenu iwe na uzito," alisema. "Kwa hiyo leo tutapima." Tukabuni nchi yenye wagombea urais wawili, wapewe alama kama wagombea ubunge, mmoja Jembe na mmoja Nyumba. Nchi hiyo imevamiwa na jirani, imemtoa. Sasa imesimama mpakani. Jembe atavuka amfuate. Nyumba atarudisha watu makwao. Mwalimu alisisitiza kwamba nchi hiyo haina jina, kisha akaichora ubaoni, na Ziwa Viktoria lake juu.

Niliomba kuwa Nyumba kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza nani anataka nafasi ipi. Jembe akapewa Uwesu, muuza nazi wa sokoni, mtu wa Lindi mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ghorofa ya chini mpaka ya juu. Kwa kuwa wagombea ubunge wa kweli huzungushwa kwa gari moja, asiwepo wa kujitapa, sisi tulikalishwa dawati moja na kikombe kimoja cha maji. Uwesu akasogea, akaniambia nikishindwa nisimlilie begani, shati lake ni jipya.

Alianza yeye. Sababu ya vita, alisema, haikutafutwa na sisi. Ilitufuata ikavunja daraja letu na kuchoma nyumba za watu. Sasa mwizi aliyeingia kwako na panga, ukamtoa nje na panga lake mkononi, umemtoa au umempumzisha? Darasa likacheka, likapiga madawati.

Nikasimama. Niliwakumbusha hapa tunapoishi ni wapi: Kariakoo, kambi ya wapagazi wa vita vya Wazungu, watu waliobebeshwa mizigo ya ugomvi ambao hakuna aliyewaeleza. Babu yangu alichukuliwa Masasi akapita njia hiyo, akarudi na kikohozi tu. Kujilinda ni haki, nilisema, na haki hiyo mwisho wake ni mpaka. Ukivuka unaitwa mvamizi wewe, na nchi nyingine za Afrika zitakuuliza. Tena mlishaona wenyewe hapa sokoni watu wakimkimbiza mwizi: wanaanza na mmoja, wanamaliza kwa kumpiga aliyekuwa ananunua vitunguu. Nikamgeuza Winifrida wamwone uso. Sikuona haya, alikuwa hoja yangu nzuri kuliko zote. Wanawake wa dawati la mbele walishaanza kufuta macho, nami nikajua nimeshinda.

Kikabaki kipindi cha maswali. Akanyoosha mkono Mama Lilavati, aliyekuwa akisaidia kwenye duka la vitambaa la shemeji yake Tulsidas. Alikuwa mzaliwa wa Kampala. Yeye na jamaa zake walifukuzwa na nduli yule yule pamoja na Wahindi wenzao, wakaja na masanduku mawili. Darasani alikuwa haongei kwa kuogopa tutacheka Kiswahili chake.

"Ndugu Evarista," alisema taratibu, "mimi sitaki mtu alipize kwa ajili yangu. Nyumba ile nimeshaiacha. Lakini tulikuwa na jirani, Mganda, alitupikia chakula cha njiani. Mwezi uliofuata akachukuliwa, hakuonekana. Wale wamebaki ndani na mwenye panga. Wewe ukifunga mlango wako, akarudi tena mtoto huyo akishakuwa mkubwa, utamtuma nani?"

Jibu nilikuwa nalo, maana maneno sikuyakosa siku hiyo. Ningeweza kusema mambo ya Waganda ni ya Waganda, na wangenipigia makofi. Winifrida alikuwa ameshika ukosi wa gauni langu anautafuna. Nikaona kwamba nikilisema lile jibu, nitalisema kwa ajili ya koti msumarini, si kwa ajili ya nchi.

"Sina jibu, Mama," nikasema. "Ila nina swali kwa mwenzangu." Nikamgeukia Uwesu. "Ukivuka, utajuaje kwamba kazi imekwisha? Na siku hiyo nchi ya watu utamkabidhi nani?"

Alitaka kuleta mzaha, nikamwona anauacha. Akanywa maji yetu. Alisema mwenye panga akishaondoka, nchi ni ya wenyewe, na yeye atageuka arudi.

"Nani atakugeuza ukisahau?"

"Nyinyi mlionichagua," alisema. "Mkiniona nimejenga kibanda kule, niondoeni."

Mwalimu akaandika hilo ubaoni kama ahadi. Kisha tukapita mmoja mmoja nyuma ya khanga iliyotundikwa pembeni, kila mtu na punje yake ya hindi, makopo mawili yamechorwa alama. Nilisimama pale na punje yangu mkononi, mtoto ananipumulia shingoni. Nikaitia kwenye kopo la Jembe. Uwesu alishinda kwa mbali, akanisaidia kubeba mkoba mpaka kona ya mtaa, na begani kwake sikulia.

Asubuhi nililitoa koti msumarini, nikalipiga vumbi, nikakaza vifungo viwili vilivyokuwa vimelegea. Huenda lisimfikie Filbert. Litamfikia mtu mwenye mke kama mimi. Nilimkuta Mzee Sadalla anafunga gunia lake kibarazani.

"Shikamoo, balozi. Nimeleta koti, na swali. Vyote uvipeleke kwenye tawi la chama."

"Marahaba. Koti nina gunia lake. Swali nitalitia wapi?"

"Kichwani, mzee. Waulize kazi ikiisha tutajuaje, na nchi ya wale watu atakabidhiwa nani. Ukija mwezi ujao kukusanya, nitakudai jibu kabla ya nguo."

Alinitazama, akacheka, akanitaka nilirudie asije akalipunguza njiani. Nikalirudia. Akajitwika gunia akaondoka nalo, midomo ikicheza, analikariri swali. Nikarudi ndani, nikautundika mkoba wangu wa darasani kwenye ule msumari, mpaka mwenye koti atakaporudi.