Soli ya Gurudumu

"Unasikia harufu?" mke wangu aliuliza, huku akikanyaga breki kwenye kona ya mwisho ya mteremko.

Nilikuwa nimeisikia tangu kona ya kwanza. Mimi ni fundi viatu. Harufu ya ngozi inayoungua naijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Nikashusha kioo, nikajitia kutazama miti, kisha nikamwambia huenda ni viatu vyake.

Ulikuwa uongo wa kijinga. Viatu vile nilimshonea mimi mwenyewe, vya soli nyembamba, ili mguu wake uzisikie pedali vizuri. Tulipofika uwanja wa mashindano alivivua kimoja kimoja, akavinusa mbele za watu, kisha akanitazama kwa huruma. "Usijali, fundi," akasema. "Vimeshika joto tu." Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Dereva wetu ni yeye. Siku za kazi huendesha gari la mikate, na kwa namna anavyokata kona, mikate hufika dukani imekumbatiana. Siku za mapumziko huendesha kigari chetu kidogo cha mashindano, tulichokinunua kikiwa kimekwisha kuzeeka mikononi mwa wengine. Miaka miwili alisubiri jina lake lifike kwenye orodha ya mashindano yale, maana klabu ilipokea magari thelathini tu. Jina lilipotoka alilibandika ukutani jikoni. Mimi nilikabidhiwa jambo moja tu: kutafuta rimu mpya.

Zile za zamani zilikuwa za chuma, nyeusi, nzito, sura zao kama masufuria ya msibani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkaguzi wa magari kwa miaka thelathini na sasa akiyakagua magari ya klabu, aliniita nyumbani kwake mapema. Madereva walimwita Bi Hapana, kwa sababu ndilo neno walilolisikia zaidi kutoka kwake. Akaniandikia kwenye karatasi mambo ya kupima: matundu ya nati na umbali kati yake, upana wa tundu la katikati, nafasi ya breki, uzito ambao rimu inaweza kuubeba.

"Pima, baba," akaniambia. "Usichague kwa macho."

Nusura nicheke. Mimi, ninayegombana kila siku na watu wenye mguu wa arobaini wanaotaka kiatu cha thelathini na nane, nifundishwe kupima? Nikaikunja karatasi kwa adabu zote anazostahili mkwe, nikaitia kwenye mfuko wa aproni, na humo ikabaki.

Dukani kwa vipuri rimu zilikuwa zimetundikwa ukutani, nne, rangi ya dhahabu. "Kizuri chajiuza," muuzaji akasema, wala hakujisumbua kuinuka kitini. Nikahesabu matundu ya nati: manne. Gari letu nalo lina bolti nne. Basi, kwangu mimi vipimo viliishia hapo. Wahenga walisema mganga hajigangi, na siku ile walikuwa wananisema mimi.

Nilipozifunga nyumbani, rimu ilipwaya katikati, na kwa ndani ikawa inakwaruza breki. Mtu mwingine angezirudisha. Mimi niliona kiatu kinachopwaya, na kiatu kikipwaya fundi anaweka soli ya ndani. Kwa siku mbili niliacha viatu vya watu, nikakata soli nne za duara kwa ngozi nene ya ng'ombe, zenye matundu ya bolti na ukingo wa kuziba lile pengo la katikati. Nikazipachika kati ya rimu na gari. Zikakaa kimya kabisa, hakuna kucheza wala kukwaruza. Nati tu ndizo zilizopata hasara, maana unene wa ngozi ulikula urefu wa bolti. Zamani ukizifungua zilizunguka mara kumi ndipo zitoke. Sasa zilizunguka mara nne. Nikajiambia nne si haba. Mtu akizungushwa mara nne anaona kizunguzungu.

Mke wangu alipoliona gari alilizunguka mbio, akanirukia shingoni. "Fundi! Limekuwa bibi harusi!" Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema habari za soli? Nilinyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Basi siku yenyewe tukasimama kwenye foleni ya ukaguzi. Bi Hapana alikuwa na mtindo wake. Katika kila gurudumu hulegeza nati moja kwa spana, kisha hufumba macho na kuizungusha kwa vidole mpaka itoke, akihesabu kwa sauti mara inazozunguka. Zikipungua saba, umekwisha. Mbele yetu alikuwapo daktari wa meno, ambaye alikuwa ameambiwa hapana kwa sababu ya mkanda wa usalama uliochakaa, na bado alikuwa anabembeleza.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba." Akanusa hewa. "Nani anaunguza kiatu hapa?"

"Mimi, Mama," mke wangu akajibu kwa furaha, akainua mguu.

Mama mkwe akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akalegeza nati, akafumba macho. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Nati ikamdondokea kiganjani. Wakati huohuo gari la nyuma yetu likawashwa kwa ngurumo. Akafumbua macho, na hakulitazama gurudumu. Alinitazama mimi.

"Makelele haya yamenipoteza," akasema. "Baba, zilikuwa ngapi?"

Mwanamke aliyehesabu nati miaka thelathini, eti amepoteza hesabu kwenye nne. Mke wangu alikuwa ameshavaa kofia ya chuma na glavu. Yalionekana macho tu, nayo yalikuwa yanacheka. Neno "saba" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu. Ni neno dogo, halina uzito wowote. Kisha nikaitazama miguu yake. Kila mfupa wa miguu ile naujua, hata kidole gumba cha kulia kilichopinda, nilichokiachia nafasi yake ndani ya kiatu. Kumbe kidole kimoja nilikipimia, na yeye mzima sikumpimia. Hofu niliyoikwepa mteremko mzima ikanishika kwa pamoja.

"Nne, Mama."

"Nne," akarudia. "Hapana."

Wakaleta jeki. Rimu ilipotoka, soli ikaonekana, ukingo wake umeungua ukawa mweusi, na juu yake umekaa muhuri wa duka langu. Sikumbuki kuupiga, mkono ulifanya kwa mazoea. Bi Hapana akasogeza miwani, akausoma kwa sauti ya ofisini: "Imeshonwa kwa mkono. Dhamana mwaka mmoja." Daktari wa meno alicheka mpaka akaegemea boneti ya gari. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu, na yeye hakucheka.

Alivua kofia, akaichukua soli, akaibonyeza kwa kidole. Ikabonyea. Huniita fundi akifurahi. Nikiharibu huwa mume wake.

"Mume wangu," akasema taratibu, "mteremko wote ule tumeshuka na hiki?"

"Ndiyo."

Gari lilibaki pale juu ya jeki, limevuliwa magurudumu yake ya dhahabu. Ukaguzi ulipokwisha tukarudi kwa gari la Mama, wao mbele, mimi nyuma, gurudumu moja mapajani kwa kuwa buti lilijaa yale mengine matatu. Tukafika katikati ya safari.

"Ungesema saba, ningeingia," mke wangu akasema bila kugeuka.

"Najua."

"Wala nisingekuuliza mara mbili."

"Najua."

Baadaye nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Nikamwambia pole, na nilimaanisha. Kumbe alikuwa na ile soli mkononi. "Dhamana mwaka mmoja," akasema kwa taabu, na Mama mkwe ikabidi aegeshe gari pembeni, maana machozi ya kicheko yalimzuia kuiona barabara.

Klabu ilimwekea mke wangu nafasi yake, na mwaka uliofuata alishindana kwa zile rimu nyeusi za chuma, nilizozipima moja moja, karatasi ya Mama mkononi. Alikuwa wa kumi na moja, na hajaacha kuisimulia siku ile.

Imepita miaka sita. Ile soli iko mezani kwetu, tunawekea juu yake vyombo vyenye joto. Mama mkwe sasa anatembelea fimbo, na macho hayamsaidii sana. Lakini kila akija, mke wangu akishammiminia chai, yeye hukishika kikombe hewani kwanza.

"Baba, zilikuwa ngapi?"

"Nne, Mama."

"Haya," husema, kisha hupapasa meza, akaipata soli, akakiweka kikombe juu yake.