Malango Kumi na Mawili

Picha ilikuwa ya mkono wa kulia, kifundo kimevimba kama andazi, umelazwa juu ya kitambaa cha maua. Chini yake: "Bila jina, tafadhali. Niliteleza kwenye barafu nikifagia barabara, sasa siku ya nne. Nifunge nini uvimbe ushuke?"

Kundi letu la ushauri mtandaoni, hapa mjini Margilan, lina wanawake elfu arobaini. Walijibu kabla chai yangu haijapoa. Jani la kabichi. Mafuta ya mkia wa kondoo. Kitunguu cha kuchoma, kifungwe kingali moto. Mmoja akaandika: "Vumilia, mdogo wangu. Sote tulifagia."

Mimi nilikuwa natazama kovu. Lilikaa juu kidogo ya kifundo, umbo la mbegu ya tikiti, kovu la tanuri ya mikate. Nalijua kwa sababu ni mimi niliyemsukuma, mimi miaka sita, yeye tisa. Zulhumor. Dada yangu, aliyempigia mama simu kila Ijumaa na kusema hajambo, kwa wakwe ni kuzuri.

Wiki mbili nyuma, mtu asiye na jina aliuliza kundini humohumo: mikono inampasuka kwa kufagia mbele ya lango la wakwe kila alfajiri, kama desturi inavyomtaka mkamwana, apake nini? Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi usio na breki. Nikajibu: "Dawa ni moja. Mkabidhi mama mkwe ufagio, mikono itapona yenyewe." Watu mia tatu walicheka. Nilimsomea mama, naye akacheka mpaka akamwaga chai.

Sasa chini ya picha kulikuwa na mstari wa mwisho: "Yule aliyenishauri nimkabidhi mama mkwe ufagio, nilimkabidhi. Tangu siku hiyo nafagia malango kumi na mawili, ya mtaa mzima."

Sikulia. Nilimchukia mama mkwe, nikawachukia wenye kabichi, na yule wa kuvumilia nikamchukia mara mbili. Nilipowamaliza akabaki mmoja, na huyo alikuwa amevaa nguo zangu.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa mtaani kwao na ufagio wa nyumbani. Nilikuwa lango la nne Zulhumor alipotoka, mkono umefungwa jani la kabichi.

"Umefuata nini hapa?"

"Kazi. Nimesikia malango yanagawiwa bure."

"Oydin, rudi nyumbani. Wewe utaondoka, mimi nitabaki."

"Ulijua ni mimi niliyeandika?"

"Nani mwingine huchekesha watu kwa ngozi ya mwenzake?"

Nikainamia ufagio. Nilifagia kwa kishindo, kama ninayeichuna ile barabara. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Ndugu wa mkamwana kufagia mtaa wa wakwe hakukuwahi kuonekana pale, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Bi Hojar, mama mkwe, akaja mbio, viatu vya mpira vikimponyoka.

"We mtoto, unaniaibisha mbele ya watu. Ingia ndani unywe chai."

"Asante, mama. Yamebaki manane. Dada akienda hospitali nitakunywa hata birika zima."

"Ameteguka tu kidogo."

"Basi haidhuru," nikasema, nikahamia lango la tano.

Pale alisimama jirani, bibi mmoja mwenye shali ya kijivu. Hakunitazama mimi. "Hojar," akasema, "daktari ameuona huo mkono?"

Lilikuwa swali dogo tu. Elfu arobaini walikuwa wamelipita.

Bi Hojar alininyang'anya ufagio, akafagia mara tatu ili macho ya watu yapate cha kutazama. "Nendeni," akasema bila kuinua kichwa. Ushauri wangu ulikuwa umetimia neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mfupa ulikuwa umevunjika na kuanza kuunga vibaya. Zulhumor hakurudi kule. Zamani alitarizi kofia hadi wateja wakamfuata kutoka mji wa Kokand; sasa sindano humponyoka, na akinimiminia chai hushika birika kwa mkono wa kushoto. Mimi hutazama pembeni.

Bado nimo kundini. Wakiuliza dawa ya doa la komamanga, natania kama zamani. Ila swali la mikono likiingia bila jina, na kabichi zikianza kumiminika, huandika maneno matatu tu.

"Unakaa mtaa gani?"