Ribaundi Ambazo Sikuziandika

Rispa, mrushaji wetu, alirusha tena, mpira ukagonga ringi, Lynnet akaudaka kwa mikono miwili, nami nikainama kuchora msalaba mwingine wa chaki pale alipotua. Huo ulikuwa wa kumi na tisa. Tulikuwa kwenye uwanja wa saruji mjini Homa Bay tangu saa saba mchana, na Kocha Momanyi alikuwa ameketi kwenye benchi akisoma daftari langu.

Alikuwa ametoka Nairobi, kwenye klabu inayowalipa wanawake mishahara kucheza mpira wa kikapu. Nafasi zilikuwa mbili. Ya kwanza alishampa Lynnet, binti wa Mbita mwenye futi sita na inchi mbili, kabla hata hajamwona akikimbia. Ya pili nilikuwa nimemwombea Dorah, mwenzake kwenye timu yangu. Dorah ana futi tano na inchi saba, na alivua viatu mwenyewe alipopimwa, asije akaambiwa amejiongezea.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Migori. Ukocha nilijifunza kwenye simu, nikisimamisha video na kuirudisha nyuma mpaka nielewe. Ninachokiona hukiandika.

"Mwalimu Cephas," Momanyi aliniita, "hesabu ni zako mwenyewe. Msimu mzima, Lynnet ribaundi kumi na tatu kila mechi. Dorah, nne. Nikimpeleka huyu, bosi wangu nitamwambia nini? Kisumu kuna msichana wa futi sita na moja ananisubiri."

Ribaundi ni mpira uliokosa kikapu ukarudi, na anayeudaka huipa timu yake nafasi nyingine. Unapotoka juu, humfikia kwanza aliye juu. Hilo sikuweza kulibishia.

Okari, kijana wa timu ya wanaume, alikuwa akitusaidia kama mpinzani. Alimzidi Dorah kwa kichwa kizima.

"We kadogo, toka hapo kwapani," alimwambia. "Nitakukanyaga bure."

"Kanyaga, si uko na miguu?" Dorah alimjibu, akimsukuma kwa kiuno bila kugeuka. "Kwetu Macalder, migodini, tunasukuma mawe. Wewe ni nyama tu."

Lynnet alicheka hadi mpira ukamponyoka.

Ndipo kamba ya kiatu cha Dorah ikakatika, akaenda benchi kuifunga. Rispa akaendelea kurusha. Okari akadaka. Akadaka tena. Alipofikisha wa nne nilidhani Lynnet amechoka, nikampa maji. Wa tano pia ukaenda kwa Okari.

"Aiyawa! Kocha, mimi sijachoka," Lynnet alimwambia Momanyi. "Ni huyu mtu ananilalia mgongoni. Dorah akiwepo, mimi hukutana na mpira peke yangu. Mwalimu huandika jina langu, lakini..."

Aliniangalia kama mtu aliyemsema mzazi wake mbele ya wageni.

Nilichukua daftari na kulifungua. Kurasa zote zilikuwa na jina la aliyeshika mpira. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa aliyemzuia mtu mwingine asiufikie. Nilikuwa nimehesabu mikono tu. Nilimwambia Momanyi kwamba kosa ni langu, na kwamba Dorah asihukumiwe kwa daftari lile.

"Lynnet ni rafiki yake," alisema. "Lazima amtetee."

"Basi tuhesabu upya. Mipira arobaini iliyokosa bila Dorah, arobaini akiwepo. Mrushaji yule yule, mpinzani yule yule. Kalamu shika wewe."

Alifikiri kidogo, akaishika.

Tulianza bila Dorah. Mahali pake aliingia Nyamoita, mchezaji wangu mwingine, anayekaribia futi sita. Kati ya arobaini, yeye na Lynnet walipata kumi na saba. Kisha Dorah akarudi. Hakuutazama mpira. Kila Rispa aliporusha, yeye alimtafuta Okari, akamwekea mgongo, akakunja magoti na kukaa hapo kama aliyepandwa. Okari aliruka mara kadhaa akajikuta nje ya eneo. Mara chache urefu wake ulimshinda Dorah, na Momanyi aliziandika hizo pia.

Tulikuwa tumefika mpira wa ishirini na tatu wakati wanawake wa netiboli walipoingia uwanjani.

"Mwalimu, saa kumi na moja ni yetu," nahodha wao Edith alisema. "Ama mnataka kutudakia na mpira wetu?"

Ilibidi tutoke. Momanyi alihesabu, kisha akahesabu tena.

"Kumi na tano kati ya ishirini na tatu. Si kidogo. Lakini Okari ni mwembamba. Kwenye ligi yetu kuna mama mmoja, ukimgonga unadhani umegonga ukuta."

Kando yake alikuwa ameketi Duke, mwenzake Okari, fundi wa boti kutoka Mfangano, mwenye mabega ya kujaza mlango. Dorah alimwonyesha kwa kidevu.

"Kesho mniwekee huyu."

"Dada, utalia," Duke alisema.

"Nitalia nikiwa mbele yako."

Momanyi alikuwa arudi Nairobi jioni hiyo. Alisogea pembeni akapiga simu, nikamsikia akiulizia chumba cha usiku mmoja.

"Sijasema ndiyo, Mwalimu," aliniambia aliporudi.

"Najua."

"Saa mbili asubuhi. Tuanze na Duke."

Nilimwomba tumalize kwanza ile mipira kumi na saba iliyobaki ya Okari, hesabu isivurugike, ndipo tuanze arobaini ya Duke. Dorah aliguna, akasema kwa mwendo huu tutazeekea hapa. Kisha akamuuliza Rispa kama shangazi yake wa hapa mjini ana godoro la ziada, maana kurudi Macalder halafu asubuhi aje tena hakungewezekana.