Baridi ya Dakika Nne

Kinachonikera kuliko vyote katika kazi hii ni fundi anayetibu kabla hajauliza. AC haitoi baridi? Jaza gesi. Bado? Jaza tena. Gari la baba yangu lilishajazwa gesi na mafundi watatu, wa mwisho akabadilisha hata kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, na joto likabaki palepale. Na mimi, bintiye wa kuzaa, nina karakana ya AC za magari mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Mzee ameendesha malori miaka thelathini. Kumfungulia boneti mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika spana ilikuwa ni sawa na kuvuliwa kofia mbele za watu.

Alinijia maji yalipomfika shingoni. Mama ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na joto humlegeza miguu. Anakwenda kliniki mara mbili kwa wiki, saa nzima barabarani, na mwezi ule mara mbili ilibidi abebwe kushuka garini. Kaka yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, akatoa amri kwa simu: Jumamosi saa sita mchana anakuja kumchukua mama akaishi kwake, karibu na hospitali. Baba abaki na tanuri lake. Wazee wale hawajalala nyumba mbili tangu baba aache malori, na baba, mtu wa maneno mengi, hakubisha hata neno. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi yenyewe, saa mbili asubuhi, akaingiza gari karakanani, mama kando yake na taulo bichi shingoni. Akanikabidhi funguo bila kunitazama.

Nikamketisha mama mbele ya feni, nikafunga geji za kupimia gesi. Gesi ipo, tena ya kutosha. Kompresa inazunguka vizuri. Nikashika bomba la AC chini ya boneti, lilikuwa baridi mpaka linatoka jasho. Nikaingia ndani, nikaweka mkono kwenye matundu ya dashibodi: hewa moto, ya kukausha nguo. Jamani! Baridi inatengenezwa, naishika kwa mkono wangu, halafu inapotelea hatua mbili kabla ya kufika. Nilimsahau kaka, nikasahau saa. Nilitaka kujua tu.

Baba nilipomuuliza tatizo lilianza lini, akasema ni gari tu, limezeeka. Basi nikamgeukia mama, ambaye mafundi wote watatu hawakuwa wamemuuliza kitu, kwa sababu si yeye aliyeshika usukani.

Mama akasema wakitoka nyumbani asubuhi baridi huwepo, tena nzuri, na hudumu dakika nne. Nikamuuliza amejuaje kama ni nne. Akasema amehesabu, mle ndani ana kazi gani nyingine?

Dakika nne. Kitu gani ndani ya gari huwa hakipo mwanzoni, kikaja baada ya dakika nne? Nikazunguka lile gari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikajicheka. Joto la injini! Injini ikiamka huwa baridi, inachukua muda kupata moto. Na kuna mahali pamoja tu ambapo moto wa injini hukutana na hewa ya abiria, nako ni kwenye hita, ile ya kuwapasha abiria joto.

Nikapapasa mipira ya maji inayokwenda kwenye hita. Yote miwili ilikuwa inaunguza, na wakati wa joto kama huu mmoja ulipaswa kuwa umepoa, kwa kuwa koki yake hufungwa. Nikamulika kwa tochi. Koki ilikuwa wazi kabisa, imekazwa kwa waya ili isijifunge. AC inapoza hewa, hita inaipasha upya. Waya wenyewe ulipigwa mizunguko mitatu na kukunjwa ncha ndani, ili usimchane mtu. Mkono ule naujua. Ndivyo lilivyofungwa geti la nyumbani, na mguu wa kitanda changu cha utotoni.

Nikamvuta baba pembeni, nikamuuliza kwa sauti ya chini. Hakukataa. Mwaka jana gari lilichemka njiani, wakakaa juani kwa saa mbili nzima, mama akazirai mikononi mwake. Akaapa halitachemka tena. Na kila dereva wa lori anajua, injini ikizidiwa fungua hita, ikupunguzie moto. Kwenye lori vioo viko wazi, nani anajali? Hakutuambia kwa sababu tungesema gari limekwisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mwaka mzima nimekuwa nikimpika."

Nilitafuta uongo wa kumpa, sikuupata. Nikamwambia ndiyo, kisha nikaona haya kulia mbele ya wateja. Nikakata waya, nikampelekea rejeta jirani yangu anayezibua rejeta, kwa sababu ugonjwa wenyewe wa kuchemka ulikuwa humo: ilijaa tope tupu. Akaizibua, nikairudisha.

Kaka alifika nikifunga boneti, akauliza mizigo ya mama iko wapi. Baba akamtangulia kila mtu, akaenda kusimama mbele ya mama, akamweleza yote, waya na hita. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile lilipochemka nilikuomba nisikae tena juani kando ya barabara," akasema. "Sijakaa."

Akamwambia kaka apande nyuma, twende tukalijaribu gari kabla hajahamisha mtu. Tukaenda nusu saa, jua la utosi, vioo vimefungwa, na sindano ya joto la injini haikutikisika. Kaka akanyoosha mkono mbele kupima hewa, akasema mizigo ibaki ilipo. Mara mama akamwomba baba apunguze AC kidogo, anasikia baridi.

Baba akaegesha gari pembeni. Akasema yeye na swichi za gari hili basi, hagusi tena. Akavua koti lake la udereva, asiloliacha hata juani, akamfunika mama mpaka kidevuni, tukaendelea.