Wezi wa Gunia la Unga

Bi Bakhita alikuwa amefura kama andazi. Bangili za dhahabu za marehemu mama yake, zilizotoka nae Unguja, hazionekani, na kesho mjukuu wake Malak anaolewa! Nyumba nzima, hapo mtaani Al Khuwair, imepekuliwa mpaka chini ya mazulia. Na aliyekuja juzi akaingia mpaka chumbani ni nani? Yaarub, mdogo wake, mtu mzima na ndevu zake nyeupe.

Asubuhi alimpigia simu, akamwambia, "Unazo wewe!" Yaarub akakata.

Hata hivyo saa kumi alikuja, kama kila Alkhamisi, kutazama picha yao ya makaoboi. Kakaa ncha ya pili ya kochi, kanuna. Kahawa kaikataa. Yaarub kukataa kahawa ya dada yake! Hilo lilimchoma Bi Bakhita kuliko hizo bangili.

Kwenye TV, wahamiaji waliovuka bahari walikuwa safarini na gari lao la farasi. Mara vumbi likatimka. Wezi! Bibi mmoja wa msafara akaifukia dhahabu yake ndani ya gunia la unga.

"Kama mama na mchele wake," Yaarub akaropoka, akasahau kununa.

Kweli. Mama yao, akibisha hodi mtu asomjua, dhahabu yote huichimbia kwenye mchele, na Bi Bakhita kairithi tabia hiyo hiyo.

Wezi wakapekua wee, wasione kitu. Kwa njaa yao wakabeba gunia la unga, wakenda zao.

Bi Bakhita akashika kichwa. "Lahaula! Jumatatu walikuja mafundi wa kiyoyozi! Yaarub, ule mchele nilokupa juzi uwapelekee wapishi, wa pilau ya kesho?"

"Upo garini. Sijauteremsha."

Machozi yakamlenga. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekukosea, nimekuvunjia heshima."

Yaarub alishatoka mbio. Akarudi na gunia begani, Malak akaja kutoka jikoni, akalimwaga kwenye sinia. Mchele ukashuka, ukashuka, halafu bangili zikagonga bati, moja, mbili, zote nne. Malak akapiga vigelegele peke yake.

Yaarub akaketi, safari hii ubavuni mwa dada yake, akanyoosha kikombe. "Haya, nipe kahawa yangu."

Bi Bakhita akammiminia kwa mikono miwili, anacheka na kujifuta macho.

"Lakini Yaarub," akasema, "mimi si nilisema unazo wewe?"